Kwiki si nati: kulifunga gurudumu la mbele kwenye baiskeli ya breki za diski

Kijana alikuja kibandani kwangu hapa Malindi saa nne asubuhi, baiskeli begani, gurudumu la mbele mkononi. Kiwiko kimechubuka, mchanga umemganda shavuni. Akaliegemeza gurudumu kwenye mwarobaini, akasema, "Mjomba, limetoka lenyewe."

"Ulikuwa umekaba breki?"

Alikuwa akiteremka kwenda daraja la Sabaki, safari ya Mambrui. Tuktuk ikasimama ghafla mbele yake kuchukua abiria. Akakaba ya mbele, na papo hapo baiskeli ikamlaza. Bahati yake aliangukia mchangani, kando ya lami.

Niliinama nikaiangalia foku, ile miguu miwili inayolishika gurudumu la mbele. Mguu wa kushoto, pale ekseli inapokaa, rangi ilikuwa imekwanguliwa: mkwaruzo mmoja unaong'aa, umeshuka moja kwa moja hadi ukingoni. Mguu wa kulia ulikuwa mzima kabisa. Halafu nikauangalia ule mkono mdogo wa kufungia gurudumu. Ulikuwa umezungushwa kama nati ya masikio mpaka ukagoma, kisha ukaachwa hivyo, umechomoza nje. Binamu yake alikuwa ameziba pancha usiku, akalirudisha gurudumu, akazungusha mpaka "ikashika". Haikuwa imeshika kitu.

Tangu baiskeli za mitumba zenye breki za diski, zile zinazobana bamba la chuma katikati ya gurudumu badala ya rimu, zianze kujaa mjini, kisa hiki nimekiona zaidi ya mara moja, na kila mara mwenye baiskeli husema limetoka lenyewe. Kwa hiyo naandika. Hutahitaji hata spana moja, isipokuwa mikono miwili, kitambaa safi na penseli ya shule.

Kitu chenyewe ni kipi

Wazungu wana jina refu la kifaa hiki. Sisi mafundi tumelikata tukabaki na "kwiki". Ni ufito wa chuma wa unene wa milimita 5 unaopita katikati ya ekseli yenye tundu. Upande mmoja una mkono, upande wa pili una nati ndogo ya kuzungushwa kwa vidole. Kila upande kuna springi nyembamba iliyochongoka kama pia.

Siri yote iko shingoni mwa mkono. Pale ndani pana kipande cha chuma kisicho mviringo kamili, kimekaa kama yai, nacho kinaitwa kamu. Ukiulaza mkono, yai linageuka, upande wake mnene unaivuta nati kuja kwako, na miguu ya foku inabanwa kwenye ekseli kwa nguvu ambayo vidole vyako haviwezi kuipata kwa kuzungusha peke yake. Nati kazi yake ni kupima tu. Anayebana ni kamu. Mtu akizungusha mkono mzima kama anayefunga bomba la maji, kamu haijageuka hata kidogo, na gurudumu linashikiliwa na nguvu za vidole vyake.

Kifaa hiki kinahusishwa na Tullio Campagnolo, mkimbiza baiskeli wa Italia. Inasimuliwa kwamba katika mbio za mlimani mwaka 1927 vidole vilimfa ganzi kwa baridi, akashindwa kufungua nati za masikio za gurudumu la nyuma ili alibadilishe. Kwa mji wenye Waitaliano wengi kama wetu ni ajabu kidogo kwamba wao ndio huniletea kwiki zilizofungwa vibaya kuliko wote. Lakini nasema hivyo kwa mapenzi.

Kwa nini diski ndiyo inayotoa gurudumu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ukielewa hili hutahitaji kukumbuka sheria hata moja.

Siku za Campagnolo breki zilibana rimu, kule juu. Ukikaba, mpira unakamata rimu na ekseli inabaki imejikita ndani ya mdomo wa foku, ule mwanya inamokaa. Hata kwiki ikiwa legevu, uzito wako unalilalia gurudumu. Ndiyo maana wazee wengi walipanda baiskeli miaka thelathini na kwiki iliyofungwa ovyo, wasijue.

Breki ya diski ni habari nyingine. Kalipa, kile kifaa kinachoibana diski kwa pedi mbili, imefungwa nyuma ya mguu wa kushoto wa foku. Gurudumu likienda mbele, sehemu ya diski iliyo nyuma ya ekseli inapanda juu. Pedi zinapoikamata ili isipande, zinaisukuma kwenda chini. Na mdomo wa foku umefunguka wapi? Chini. Yaani kila unapokaba breki ya mbele, breki hiyo hiyo inajaribu kulitoa gurudumu kwenye foku.

Kwa nguvu kiasi gani? Tufanye hesabu ya dukani. Wewe na baiskeli mna kilo 90. Ukikaba ya mbele kwa nguvu kwenye lami kavu, barabara inalirudisha gurudumu nyuma kwa nguvu ya kama kilo 50. Kutoka katikati ya gurudumu hadi barabarani ni sentimita 34 hivi. Kutoka katikati hadi pale pedi zinapoikamata diski ya milimita 160 ni sentimita 7 na nusu tu. Kwa hiyo pedi zinalazimika kufanya kazi kwa nguvu kama mara nne na nusu ya ile ya barabarani: zaidi ya kilo 220, kwenda chini. Uzito wenu unaolikandamiza gurudumu lirudi mdomoni hauzidi zile kilo 90. Toa moja kwenye nyingine, unabaki na kilo 130 na ushei zinazovuta ekseli itoke, na mzigo wote huo uko upande wa kushoto. Ni mifuko miwili na nusu ya saruji imening'inia kwenye ekseli yako kila unapoogopa tuktuk.

Sasa rudi kwenye ule mkwaruzo wa kijana. Kushoto umekwanguka, kulia hakuna kitu. Umeona.

Kuna ubaya wa pili, wa kimyakimya. Diski inavuta chini, tuta linasukuma juu, diski tena, tuta tena, na barabara zetu kwa matuta hazijambo. Kwiki dhaifu ikiruhusu ekseli icheze hata unywele mmoja, mchezo huo unaweza kuilegeza nati taratibu. Mwaka 2003 mwanasayansi Mwingereza aitwaye James Annan, ambaye pia ni mpanda baiskeli, aliyaeleza haya hadharani, na ubishi ulikuwa mkali. Tangu hapo foku nyingi zimeboreshwa: nyingine mdomo umeelekezwa mbele, nyingine zimeachana kabisa na kwiki. Ila zile za zamani hazikuyeyuka. Nyingi ndizo ninazoletewa mimi.

Kabla ya kufunga: kagua vipande

Chomoa kwiki yote, uifute kwa kitambaa, uilaze mahali utakapoiona vizuri.

Anza na ufito. Umenyooka? Uviringishe juu ya meza au kioo. Ukirukaruka umepinda, na uliopinda haufai. Mistari ya skrubu iwe mikali. Ikiwa imelainika kama jino la mzee, basi.

Springi ni mbili. Ncha nyembamba hutazama ndani, kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu. Upande mpana hutazama nje. Ukizigeuza, upande mpana unaweza kunasa kati ya foku na uso unaoibana, na utadhani umebana foku kumbe umebana springi. Kazi yake ni kuliweka gurudumu katikati wakati wa kuliingiza, basi. Ikipotea moja, ni heri upande bila springi kuliko na iliyogeuzwa.

Halafu kamu. Ziko za aina mbili. Moja imefichwa ndani ya kichwa cha chuma, huioni. Nyingine iko nje: mkono wenyewe umejikunja kuzunguka kikombe cha plastiki au cha bati. Ile ya ndani hubana zaidi na chumvi haiipati kwa urahisi. Ya nje ni nyepesi, inapendeza kwa macho, na kwa breki za diski huku pwani mimi siiweki kwenye gurudumu la mbele. Ukiwa na hela za kubadilisha kitu kimoja tu kwenye baiskeli yako, nunua kwiki ya kamu ya ndani, ufito wa chuma, na nyuso za kubania ziwe za chuma zenye meno makali. Meno hayo ndiyo huuma foku. Yakiwa ya alumini yaliyolika, yanateleza kama sabuni.

Mwisho itazame foku. Kwenye mdomo wa kila mguu, upande wa nje, utaona ukingo mdogo ulioinuka. Huo ni ukingo wa usalama: hata kwiki ikilegea, gurudumu lisidondoke mara moja. Kwenye mitumba naukuta umepigwa tupa hadi ukaisha, kwa sababu mwenyewe wa kwanza, huko alikokuwa, alikuwa na haraka ya kutoa gurudumu bila kulegeza nati. Foku iliyopigwa tupa na ina breki ya diski, mimi siifungi. Mteja hukasirika, huenda kwa fundi mwingine. Sawa.

Penseli

Hii ni dakika moja, usiiruke. Ukiwa na gurudumu mahali pake, fungua mkono wa kwiki mpaka mwisho wa mwendo wake. Uangalie umefika wapi ukilinganisha na diski. Kama mkono uko upande wa diski, chomeka penseli kati yao. Penseli isipopita, yaani pengo halifikii milimita 6, kwiki hiyo iondoe leo.

Sababu yake ni mbaya. Mwaka 2015 kampuni ya Trek ya Marekani iliziita baiskeli zake karibu 900,000 nchini humo, za miaka ya 2000 hadi 2015, kwa sababu mkono wa kwiki ya mbele uliweza kufunguka kupita nusu duara na kunasa kwenye diski. Gurudumu likasimama papo hapo au likatoka. Mpanda baiskeli mmoja alipooza. Miezi michache baadaye kampuni nyingine 13 zikafuata na baiskeli zaidi ya milioni moja. Waliopewa kwiki mpya ni wale waliorudi dukani; baiskeli iliyouzwa, ikauzwa tena, ikapakiwa kwenye kontena ikashuka Mombasa, hakuna aliyeifuata.

Dawa nyepesi: gurudumu la mbele, weka mkono upande wa kulia, nati upande wa diski. Mazoea ya zamani ni mkono kushoto, na mafundi wakubwa kwa umri watakuambia umekosea. Waitikie kwa adabu, halafu uache kulia. Hauwezi kunasa kwenye diski, na huunguzi vidole. Diski iliyotoka kuteremka mlima ina moto wa kaango.

Kufunga, hatua kwa hatua

Simamisha baiskeli kwa magurudumu yake. Wengi wetu tumezoea kuipindua, kiti chini, na kwa baiskeli nzito za kubebea madumu hiyo ni sawa. Kwa hii, hapana: ukiipindua, ekseli haijikiti mdomoni kwa uzito wake, na kama breki ni za mafuta, yaani zinasukumwa na mafuta badala ya waya, hewa iliyomo inaweza kusafiri hadi kwenye kalipa na ukabaki na breki laini kama ugali wa moto. Ukilazimika kuipindua njiani, ukishaisimamisha bonyeza breki mara kadhaa mpaka iwe ngumu, ndipo uondoke.

Usibonyeze breki gurudumu likiwa nje. Za mafuta, pedi zitakutana na diski haitaingia tena. Chomeka kipande cha katoni safi kati ya pedi, kikae hapo mpaka utakapolirudisha gurudumu.

Legeza nati ya kutosha kupita ule ukingo. Inua foku, elekeza diski katikati ya pedi kwanza, halafu ekseli iingie midomoni. Taratibu. Diski ni nyembamba na hupinda ukiilazimisha. Usiishike kwa vidole vyenye mafuta. Ishike kwa kitambaa.

Ekseli ikishaingia, shusha baiskeli chini na uegemee usukani kwa kiganja, uzito wako ukishuka kwenye foku. Utasikia ekseli ikigota pande zote mbili. Watu wengi huruka hatua hii ndogo, nami naipenda kuliko zote: gurudumu linalofungwa likiwa limekaa upande hujifanya limekazwa, ukifika kwenye tuta la kwanza linashuka mahali pake, na hapo hapo umepoteza mkazo wote.

Sasa kupima. Mkono wa kwiki ukiwa wazi, ushikilie kwa mkono mmoja usizunguke, na kwa mwingine kaza nati kidogo kidogo. Kila mara jaribu kuulaza mkono. Unatafuta kitu kimoja: mkono ukiwa umechomoza wima kutoka kwenye gurudumu, umeelekea nje kama kidole kinachoonyesha, hapo ndipo uanze kuhisi ugumu. Ukilala mpaka karibu na mwisho bila upinzani, kaza nati robo mzunguko. Ukigoma kabla ya kufika pale, legeza robo. Hakikisha pia nati imeingia kwenye ufito mizunguko mitano au zaidi.

Kisha funga. Vidole vinne vishike mguu wa foku, kiganja kisukume mkono wa kwiki. Si kidole gumba, kiganja. Nusu ya mwisho ya mwendo iwe ya kuguna. Ukimaliza angalia kiganja chako: kama mkono wa kwiki haujaacha alama nyekundu, fungua, kaza nati robo, funga tena. Mama mmoja wa Kisumu Ndogo, anayepeleka samaki kwa baiskeli, aliniuliza kama hana nguvu za kiume afanyeje. Nilimwambia jinsi ya kushika foku kwa vidole, akafunga vizuri kuliko mwanawe aliyekuwa amesimama pembeni anacheka. Ni ufundi wa kushika, nguvu ni za kamu.

Mkono uliolala uelekee juu sambamba na foku, au nyuma kidogo. Usielekee mbele, vichaka vya msitu wa Arabuko-Sokoke vitaufungua. Usielekee chini. Wala usigusane na mguu wa foku, maana mkono unaogota kwenye foku kabla ya kulala kabisa umesimamishwa na foku, haujafungwa na kamu. Kwiki nyingi zina maandishi pande mbili za mkono: ukifunga sawasawa, neno la kufungwa ndilo linalotazama nje. Mtoto asiyejua Kiingereza umwonyeshe tu upande wa tumbo na upande wa mgongo wa mkono. Ukifungwa, mgongo uko nje.

Kujaribu kabla ya kupanda

Inua usukani, gurudumu la mbele liwe hewani, ulipige ngumi kwa juu mara mbili tatu, kwa nguvu ya kweli. Lisisogee. Lizungushe: diski ipite katikati ya pedi bila kukwaruza. Kama inakwaruza na jana haikukwaruza, usikimbilie kalipa. Fungua kwiki, egemea usukani tena, funga upya. Mara nyingi ni ekseli imekaa upande.

Halafu simama kando ya baiskeli, kaba breki ya mbele, uisukume mbele na kuirudisha nyuma. Sikiliza kule chini kwenye ekseli. Ukisikia "tok", hata moja, usipande. Inaweza kuwa beringi za shingo ya usukani, inaweza kuwa habu, lakini mpaka ujue ni nini, ichukulie ni kwiki.

Majaribio haya yafanye kila siku kabla ya kutoka, na kila mara baiskeli ilipokaa mahali usipoiona. Nje ya msikiti Ijumaa baiskeli zimepangwa ishirini, watoto wanangoja baba zao, mikono haitulii. Mkono wa kwiki kwa mtoto ni kitu cha kuchezea tu. Vilevile ikishashushwa kutoka juu ya matatu. Makanga aliyelifungua gurudumu ili baiskeli ienee kwenye keria atakurudishia limefungwa kwa akili zake. Jamaa zangu wa Lamu hunicheka nikiwapa orodha hii. Punda, wanasema, hana kwiki.

Chumvi

Hewa yetu inakula kila kitu, na kamu ni tumbo lake. Maji yakikupwa watu wanapenda kupanda ufukweni, kwenye mchanga mgumu, nami sikatazi, lakini ukirudi mwagia baiskeli maji ya kisima baridi, uikaushe. Angalau mara moja kwa mwezi toa kwiki, futa, tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kamu, fungua na ufunge mara kumi mpaka iwe laini, futa yaliyozidi. Paka grisi kidogo sana kwenye ufito. Zile nyuso zenye meno zinazouma foku zibaki kavu.

Kamu iliyokauka kwa kutu hudanganya. Inakuwa ngumu kufunga, unajisifu kwamba umekaza, kumbe nguvu zako zimeishia kupambana na kutu na foku haijabanwa.

Na mafuta yoyote yasiikaribie diski. Yasiwe ya nazi wala ya kunyunyiza ya kopo. Nimeona mtu anang'arisha diski kwa mafuta ya nazi ili isishike kutu kabla ya sikukuu. Ilimeremeta kweli. Breki zikaisha, ikabidi atupe pedi. Diski ikichafuka ifute kwa spiriti na kitambaa kipya.

Nyuma, na ekseli za skrubu

Gurudumu la nyuma hufungwa vivyo hivyo, hatari ni ndogo kwa jinsi kalipa na mdomo vinavyokaa. Weka cheni kwenye duara dogo kabisa la meno kabla ya kulitoa na kulirudisha, mkono uwe kushoto ili usigombane na cheni, na hapa penseli ni ya lazima maana diski iko upande huo huo.

Baiskeli mpya zaidi hazina mdomo uliofunguka. Mguu wa foku una tundu kamili, na ekseli nene ya milimita 12 au 15 hupita na kufungwa kwa skrubu. Hiyo breki haiwezi kuivuta ikatoka chini, hakuna pa kutokea. Kaza kwa kipimo kilichoandikwa kwenye ekseli yenyewe. Usichanganye tu: nyingine zina mkono unaofanana na wa kwiki, nyingine mkono ni wa kuzungushia tu na haulali. Soma yako kabla ya kusukuma.

Kuhusu yule kijana, foku yake ilikuwa na ukingo bado, umeng'oka kidogo kushoto. Nilimpa kwiki nyingine, ya kamu ya ndani. Nilimfanya aifungue na kuifunga mara sita mbele yangu mpaka kiganja kikawa chekundu, kisha nikamwambia akamfundishe binamu.

Ya zamani nilibaki nayo. Kwiki mbovu usiitupe nzima. Mwaka jana niliitupa moja kwenye pipa la taka la hapa nje, na wiki iliyofuata ikarudi kibandani, imepakwa rangi ya fedha, imefungwa kwenye baiskeli ya mtoto wa shule. Siku hizi nauweka ufito kwenye jiliwa, naukunja mara mbili, ndipo natupa.